Kila Lawama Ina Mwenyewe: Lebo Ifanye Nini Mashabiki Wakiikataa Albamu

Kabla sijaingia kwenye kazi ya lebo nilikuwa muuza kaseti Kariakoo. Duka lenyewe meza moja, spika mbili zimegeuziwa barabarani, nyuma rafu ya mbao imejaa kaseti mpaka darini. Mchana mmoja akaingia baba wa makamo, shati kalifunga vifungo vyote, akaiweka kaseti mezani. "Binti, hii nimeinunua hapa juzi. Upande A sina neno. Huku B hamna nyimbo, mmenijazia midundo." Nikamwambia kaseti ikishafunguliwa hairudishwi. Ndivyo nilivyofundishwa kusema.

Mzee mwenye duka akainuka kwenye kigoda chake. Hakusema kitu. Akaichukua ile kaseti, akaizungusha kwa kalamu kukaza utepe uliolegea, akaitia kwenye redio upande B, akasimama kuisikiliza. Wateja walipita, simu iliita, hakugeuka. Nyimbo mbili, kisha biti tupu za nyimbo zilezile za upande A, hadi utepe ukaisha. Ndipo akamuuliza, "Wewe ulitegemea kusikia nini?" Yule baba akaeleza kwamba wimbo uliokuwa unapigwa redioni aliupendea mashairi yake, akaamini huko ndani yapo mengine ya namna hiyo. Mzee akamwambia achague kaseti nyingine rafuni, na jioni akampigia msambazaji akamweleza vilevile alivyoelezwa, bila kupunguza neno. Yule baba alibaki mteja wetu hadi kaseti zilipotoweka madukani.

Huu ni mwaka wangu wa 12 nikishika kurasa za wasanii kwenye lebo hapa Dar es Salaam. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye lebo, hasa hizi ndogo za watu watano na studio moja, kwa sababu naona tukirudia kosa lilelile: albamu inatoka, watu hawaipendi, na sisi tunamjibu mteja kabla hatujasikiliza upande B.

Tulivyoharibu sisi

Tulitoa albamu ya nyimbo 17. Ikaingia mtandaoni saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa, kama ilivyo desturi ya sasa. Saa nane nilikuwa macho kitandani nafuta komenti. "Amechuja." Futa. "Nyimbo 17, za kusikiliza 3." Futa. "Mmetupiga." Futa. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wanatumiana skrinishoti za komenti zilizofutwa, na lawama moja ikawa mbili: albamu haina kitu, na lebo haitaki kuambiwa. Bosi akaagiza watafutwe vijana wa kusifia. Chawa wakaja, wakamwaga emoji za moto na makopa chini ya kila posti. Mashabiki wetu wa miaka yote wakaona tumewaletea watu wa kuwazomea nyumbani kwao.

Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa kijana wa Mwanza. Niliufungua siku ya tano. Alikuwa anaongea taratibu, nyuma yake kuna kelele za dukani. "Dada yangu, mimi ni fundi redio, huyu jamaa namsikiliza tangu singo yake ya kwanza. Wimbo wa sita, ukifika kiitikio cha pili, besi inaimeza sauti. Nimejaribu kwenye simu, nimejaribu kwenye sabufa hapa dukani, nimevaa na hedifoni. Kote ni hivyohivyo. Hebu muulizeni prodyuza kama hiyo ndiyo yenyewe." Nikampelekea prodyuza. Alisikiliza kama sekunde ishirini, akaweka simu chini, akafungua kompyuta. Faili tuliyompa msambazaji ilikuwa rafu, miksi ya majaribio. Miksi ya mwisho ilikuwa kwenye folda nyingine, tarehe yake wiki moja mbele. Siku tano watu walikuwa wanatuambia ukweli, wengine kwa matusi, na sisi tunaufuta.

Saa 48 za kwanza

Jambo la kwanza, kabla ya kumjibu mtu yeyote: zuieni posti zote mlizozipanga zitoke zenyewe. Kila lebo hupanga posti za wiki nzima kabla ya albamu kutoka. Mashabiki wamekasirika, halafu saa nne asubuhi ukurasa wa msanii unatoa picha yenye maneno "Albamu ya mwaka, asanteni kwa mapokezi makubwa." Hakuna aliyekusudia ubaya, ni programu imetimiza ratiba. Lakini msomaji haoni ratiba, anaona dharau.

La pili, mjue nani ana nywila za kurasa. Kwenye lebo nyingi anazo msanii, meneja, mpiga picha, na binamu wa msanii ambaye alisaidia kufungua ukurasa miaka ile. Kwa siku hizi mbili abaki mtu mmoja wa kuandika na mmoja wa kumsomea kabla hajatuma. Mwombeni msanii asiende laivu usiku. Namaanisha kumwomba, kwa kumpigia simu au kumfuata alipo, siyo kumtumia amri kwenye grupu. Msanii aliyefanya kazi miezi minane na sasa anasoma "umechuja" ni mtu aliyeumia, na mtu aliyeumia akishika simu saa tisa usiku atasema neno ambalo mtalieleza kwa mwaka mzima.

La tatu, wekeni posti moja fupi kwamba mnasoma. Mimi siku hizi naandika hivi: "Tunasoma maoni yenu yote kuhusu albamu, mazuri na yasiyopendeza. Hatufuti maoni. Jumatatu tutarudi kuzungumza nanyi." Kisha Jumatatu rudini kweli. Mkiona siku mbili hazitoshi, semeni Alhamisi. Msiseme "hivi karibuni".

Na msifute. Kinachofutwa ni vitisho, matusi ya mwili na ya kabila, picha za watoto wa msanii, namba za simu za watu. "Mbovu" haifutwi. "Narudishieni bando langu" haifutwi.

Daftari la lawama

Hapa ndipo nawaomba mtulie nami, maana ndiyo kazi yenyewe.

Chukueni daftari la kawaida au jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza, lawama kwa maneno ya shabiki mwenyewe. Msiitafsiri kwa lugha ya ofisini. Akisema "mashairi ya kuokota", andikeni "mashairi ya kuokota", maana mkishaandika "changamoto katika uandishi" mmeshapoteza nusu ya alichosema. Safu ya pili, wimbo namba ngapi, na dakika ikitajwa. Safu ya tatu, ni watu wangapi tofauti wamesema hilo. Mtu mmoja mwenye kurasa kumi ni mtu mmoja. Safu ya nne iacheni wazi kwanza, nitaieleza.

Msikusanye Instagram peke yake. Kule watu hushindana kuchekesha, na timu pinzani huja kuchoma tu. Nendeni YouTube, nendeni kwenye maoni ya Boomplay na Audiomack, sikilizeni wanaopiga simu redioni, ombeni mashabiki wakuu wawape yanayosemwa kwenye magrupu yao ya WhatsApp. Sisi tuna shabiki Muscat, mama anayefanya kazi za ndani, husikiliza usiku akimaliza kazi, hedifoni masikioni, albamu nzima bila kuruka. Huyo hana muda wa kuchekesha mtu. Akisema wimbo wa tisa umemchosha, mimi nauandika kwa wino mwekundu. Na mtumeni mtu kijiweni. Dereva wa bodaboda anayepiga muziki siku nzima anajua wimbo upi abiria humwambia aongeze sauti na upi humwambia abadilishe.

Kisha wekeni takwimu kando ya maneno. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30, kwa hiyo hesabu kubwa ya siku ya kwanza haisemi kwamba watu waliumaliza. YouTube ilificha idadi ya wasiopenda kwa watazamaji tangu Novemba 2021, lakini nyie wenye chaneli mnaiona ndani ya Studio, pamoja na mchoro unaoonyesha watu wanatokea dakika ipi. Tuliwahi kuwa na wimbo uliotukanwa kuliko zote, tukafungua mchoro, tukakuta watu wanausikiliza hadi mwisho na kurudia. Lawama ilikuwa ya kolabo: tulimweka msanii ambaye mashabiki wetu walikuwa na kisa naye. Wimbo wenyewe waliupenda. Upande wa pili kulikuwa na nyimbo nne ambazo hakuna aliyezitukana, na watu walikuwa wanaondoka kabla ya vesi ya kwanza kuisha. Hizo nne ndizo zilizotukosesha usingizi.

Safu ya nne: mwenye lawama

Sasa jazeni safu ya nne. Mbele ya kila lawama andikeni jina la aliyefanya uamuzi ule. Fanyeni hivyo mkiwa wote chumbani, mlango umefungwa, simu zimezimwa, bosi akiwepo.

Nyimbo 17: nani alisema ziwe 17? Kwetu ilikuwa lebo. Tulitaka nyimbo nyingi ili hesabu ya kusikilizwa iwe kubwa. Msanii alitaka 11. Kolabo ya wimbo wa nne: lebo, tulikuwa tunatafuta soko la Kenya. Biti zinazofanana: prodyuza. Miksi iliyozama: mimi na prodyuza, tuliopeleka faili bila kuisikiliza mara ya mwisho. Mashairi mepesi kwenye wimbo wa pili: msanii, na alikubali. Tulipomaliza, kati ya lawama 9 kubwa, 6 zilikuwa zetu. Lakini wiki nzima aliyekuwa anatukanwa kwa zote 9 ni msanii, kwa sababu sura yake ndiyo iko kwenye kava.

Hili ndilo naliona baya kuliko yote katika biashara yetu. Lebo inachukua uamuzi, msanii anachukua matusi. Mkiacha hivyo mnampoteza msanii kwanza, mashabiki baadaye.

Marekani kuna kisa kinachojulikana. Mwaka 2010 mashabiki wa rapa Lupe Fiasco waliona albamu yake inacheleweshwa, wakakusanya sahihi kwa maelfu mtandaoni, na Oktoba wakaenda kuandamana nje ya ofisi za lebo yake, Atlantic, mjini New York. Albamu, iitwayo Lasers, ilitoka Machi 2011 na kuingia namba moja kwenye chati ya Billboard. Kwa hesabu ya ofisini hiyo ni kazi imefanikiwa. Lakini mashabiki wake wengi hawakuipenda, na msanii mwenyewe alisema wazi kwamba lebo ilimshinikiza kwenye baadhi ya nyimbo. Fikirieni mtu aliyesimama barabarani akiipigania albamu, kisha akaipata na kukuta mkono wa ofisi umejaa humo ndani. Shabiki wa aina hiyo lebo haimnunui tena kwa tangazo.

Kisa kingine ni cha mwaka 2014. Tarehe 9 Septemba, Apple na bendi ya U2 waliweka albamu ya Songs of Innocence bure kwenye akaunti za iTunes zipatazo milioni 500. Hasira zilizofuata kwa sehemu kubwa hazikuwa za muziki. Watu walikasirika kuingiziwa kitu kwenye simu zao bila kuombwa. Ndani ya wiki moja Apple walitoa njia ya kuifuta, na Oktoba Bono, mwimbaji wa U2, akaomba radhi mbele ya mashabiki. Angalieni wenye lawama: njia ya kuifuta ilitoka kwa aliyeiingiza, radhi ikatoka kwa aliyelitaka wazo lile. Kama bendi ingekaa inatetea ubora wa nyimbo, ingekuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kuandika jibu

Sasa mnajua lawama ni zipi na za nani. Jibu liandikwe na mwenye lawama, kwa jina lake au la lebo. Msimwandikie msanii radhi ya kosa la ofisi akaisoma kwenye video.

Kuna sentensi moja naomba tuizike: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Haisemi nani kafanya nini. Usumbufu haujitokezi wenyewe kama uyoga. Hii hapa ndiyo tuliyoandika hatimaye, siku ya saba, na nimeihifadhi:

"Habari zenu. Sisi lebo ndio tuliotaka albamu iwe na nyimbo 17. Msanii alitaka chache. Mmetuambia ni nyingi na zinachosha, tumewaelewa. Wimbo wa sita tulipeleka faili ambayo haikuwa ya mwisho, kosa ni letu na prodyuza, na toleo sahihi tumeshalituma, litaonekana ndani ya siku chache. Kijana wa Mwanza aliyetuambia tumempigia kumshukuru. Kuhusu kolabo ya wimbo wa nne, tulijaribu, hamkuipenda, hatuiondoi kwa sababu ni kazi ya watu wawili na wote wameifurahia. Tulifuta maoni yenu Ijumaa. Hatukupaswa."

Haina hata sentensi moja ya kusifia albamu. Bosi alitaka tumalizie na "endeleeni kuisikiliza". Nilimsihi tuiache. Radhi yenye tangazo ndani yake watu huinusa mara moja.

Ukimjibu mtu mmojammoja, mjibu kwa alichosema. "Asante kwa maoni yako" iliyobandikwa mara mia tatu ni mbaya kuliko kukaa kimya. Mimi huchagua watu 20 walioeleza kwa kina, nawapigia au nawatumia ujumbe wa sauti. "Kaka, umesema vesi ya pili imeokotwa. Ulikuwa na maana gani?" Wengi hushtuka, sauti inabadilika, mtu aliyeandika kwa herufi kubwa anaanza kusema "samahani dada, nilikuwa na hasira tu, lakini ukweli ni kwamba..." Baada ya hiyo "lakini" ndipo penye kazi yenu. Shikeni kalamu.

Namba zao na sauti zao msizitoe kokote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu amekuamini.

Kinachorekebishika na kisichorekebishika

Kosa la faili, jina la mtunzi lililosahaulika, kava yenye picha isiyo sahihi, mpangilio wa nyimbo: hivyo hurekebishika. Ongeeni na msambazaji wenu wa mtandaoni kabla ya kufuta chochote. Kila rekodi ina ISRC, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, na ndiyo inayobeba hesabu ya kusikilizwa. Mkiifuta albamu na kuipandisha upya kwa pupa mnaweza kupoteza hesabu, orodha mlizowekwa, na mashabiki waliokwisha kuihifadhi. Miksi mpya kabisa huhesabika kama rekodi mpya na hupewa ISRC yake, kwa hiyo elezeni vizuri mnachobadilisha. Na baada ya kubadilisha, semeni. Kanye West aliitoa The Life of Pablo Februari 2016 na akaendelea kuibadilisha ikiwa imeshatoka, akarudisha hata sauti za wageni alizokuwa ameziondoa kwenye wimbo mmoja. Yeye alilitangaza hilo kama sehemu ya kazi yake. Nyie mkibadilisha kimyakimya, shabiki atajiona kama masikio yake yanamdanganya.

Kuhusu sauti, msidharau mashabiki mkadhani hawajui ufundi. Bendi ya Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic Septemba 2008, wasikilizaji walilinganisha nyimbo za kwenye CD na zilezile zilizokuwa ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, wakagundua za kwenye mchezo zina nafasi ya kupumua na za kwenye CD zimebanwa mpaka zinakwaruza. Maelfu walisaini kuomba miksi mpya. Ted Jensen, fundi aliyefanya mastaringi, yaani hatua ya mwisho ya kuandaa sauti baada ya miksi, akasema kazi ilimfikia ikiwa imeshabanwa hivyo. Mashabiki walikuwa sahihi, tena kwa vipimo. Kwetu bado kuna imani kwamba wimbo ukiwa na kelele zaidi utasikika zaidi. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na yenye kelele zaidi ya hapo hushushwa, kwa hiyo mnabana sauti, mnaiharibu, kisha wao wanaishusha. Nimemwambia hivyo kila prodyuza niliyefanya naye kazi.

Kisichorekebishika ni mwelekeo. Msanii aliyezoeleka kwa nyimbo za mapenzi ameimba kuhusu kumzika baba yake, na watu wanataka kucheza. Hapo msiombe radhi. Semeni huu ndio muziki aliotaka kuufanya, tulimuunga mkono na tunamuunga mkono. Mwaka 1996 bendi ya Weezer walitoa albamu ya Pinkerton, wasomaji wa jarida la Rolling Stone wakaipigia kura kuwa ya tatu kwa ubaya mwaka ule. Mwaka 2004 jarida hilohilo liliipa nyota tano. Sisemi kila albamu iliyokataliwa itapendwa baadaye, nyingi hazipendwi. Nasema tofautisheni "mmetuharibia" na "hatukutegemea hiki". Ya kwanza ni deni. Ya pili mwacheni msanii aibebe kichwa juu, nanyi mkiwa nyuma yake.

Mambo ya kukataa hata bosi akiamuru

Chawa. Nimeshasema. Shabiki wa kweli anajua wenzake kwa majina.

Kiki. Albamu imedorora, mtu anapendekeza msanii asingiziwe mapenzi mapya au ugomvi na mwenzake ili watu wabadili mazungumzo. Mtabadili kweli, kwa siku nne, na albamu itazikwa chini ya kiki yenyewe.

Sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na anayetishia kumdhuru msanii au familia yake apelekwe polisi bila kusita. Kumtisha kwa sheria mtu aliyesema albamu mbovu ni kujiharibia. Nimeshuhudia barua ya mwanasheria ikitumwa kwa kijana wa chuo kwa sababu ya video ya uchambuzi. Aliisoma barua hiyo mbele ya kamera, taratibu, mstari kwa mstari, na watu waliomtazama walikuwa wengi kuliko walioisikiliza albamu.

Kuwaita waliolalamika wenye wivu, "haters", au timu ya fulani. Wapo wa timu fulani, ndiyo. Lakini ukishawaita wote hivyo, yule fundi redio wa Mwanza anajisikia ameitwa yeye.

Msanii wenu

Mtu mmoja wa lebo apewe kazi ya kuwa naye wiki hiyo. Achukue simu yake mchana, akubali kupigiwa usiku, ale naye. Msimfiche lawama, ila msimwachie azisome mbichi. Sisi tunamsomea daftari lile, safu zote nne, ili aone kwa macho yake zipi ni zake na zipi zetu. Msanii wetu alipoona neno "lebo" limeandikwa mara sita, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba kalamu na kuongeza jina lake kwenye lawama ambayo tulikuwa tumeiandika ya prodyuza. "Biti nilichagua mimi," akasema. "Yeye alinionya."

Kabla ya albamu ijayo

Bendi za dansi zilikuwa na njia ambayo tumeitupa bila sababu. Enzi za ushindani wa Msondo na Sikinde, wimbo mpya ulipigwa ukumbini kabla ya kwenda kurekodiwa Radio Tanzania. Wanamuziki walitazama sakafu. Watu wakiinuka, wimbo unaendelea kupigwa. Wakienda kununua soda, wimbo unarudi mazoezini. Shabiki alikuwa anachambua kwa miguu yake, tena mapema, kabla hela haijatumika.

Sisi sasa tunafanya hivi. Wiki sita kabla ya kutoa, tunaalika watu 15 studio, na 10 kati yao lazima wawe waliotulaumu mara iliyopita. Simu zinabaki kwenye ndoo mlangoni. Tunawapa karatasi, soda na sambusa, tunacheza nyimbo zote mara moja bila kusema majina wala kuelezea, msanii akiwa chumba cha pili. Kisha prodyuza anauliza swali la yule mzee wa Kariakoo: ulitegemea kusikia nini? Mara ya kwanza tulipofanya, albamu ilishuka kutoka nyimbo 14 hadi 10. Kijana wa Mwanza tulimtumia nauli ya basi. Alikuja na sabufa yake ndogo ndani ya mfuko wa salfeti, akaiweka juu ya meza ya miksi karibu na spika za mamilioni, akaomba wimbo wa tatu upigwe kwenye hiyo.